Ngazi ya Kamba

Saa moja kasorobo asubuhi, upande wa Likoni, hakuna anayefurahi kuona meli. Feri imeshajaa. Magari yamepangwa, mikokoteni imebanwa katikati, watu wa kazini wamesimama bega kwa bega, na kilichobaki ni kuvuka tu. Lakini feri haiondoki. Mtu mmoja anachungulia upande wa bahari kuu, anasonya, anasema, “Meli.” Neno linapita mdomo kwa mdomo mpaka nyuma kabisa: meli, meli, kuna meli. Wenye kazi za saa moja wanatazama simu zao. Wenye samaki wanatazama barafu.

Kisha inatokea pale Ras Serani, taratibu, kama jengo la ghorofa lililong'oka Kizingo likaamua kutembea. Makasha yamepandana, mekundu, ya buluu, ya kijani, na chini yake maji hayapigi hata kelele. Mlango wa Kilindini hapo tunapovuka una upana wa nusu kilomita hivi, na kwa chombo cha mita mia mbili na zaidi huko ni kupitisha samadari kwenye ukumbi wa nyumba ya Kiswahili. Feri ndiyo inayosubiri kwa sababu feri inaweza kusimama. Meli haiwezi. Hata injini yake ikizimwa hapo mlangoni itaendelea kwenda, na wa kusema itakwenda wapi ni mtu aliyesimama juu kabisa nyuma ya kioo, ambaye huku chini hakuna anayemwangalia.

Mimi nilisonya na wenzangu kwa miaka. Nilianza kutazama juu siku bibi mmoja mwenye kapu la mikate ya mofa aliponigusa kiwiko.

“Mwanangu, ile bendera ni ya nchi gani?”

Bendera yenyewe ilikuwa ndogo, nusu nyeupe nusu nyekundu, rangi mbili zimesimama ubavu kwa ubavu. Nikamwambia huenda ni Indonesia. Kijana wa bandarini aliyekuwa mbele yetu, ovaroli yake bado ina grisi ya jana, akageuka akacheka.

“Si ya nchi, nyanya. Hiyo yasema pailoti yumo ndani.”

“Pailoti wa ndege?”

“Wa meli. Meli nayo ina rubani wake. Na siku hizi hata wanawake wamo.”

Bibi akaitazama ile meli tangu omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma, kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na haraka ya kufika popote. “Kumbe yashikwa mkono,” akasema, “kama kipofu avushwapo barabara.”

Sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi hiyo. Nahodha wa meli anaweza kuwa ameizunguka dunia mara kumi, lakini mlango huu haujui: haujui mkondo wake wa saa hii, halijui lile boya linaloonekana karibu na kumbe liko mbali, hajui feri zetu zina tabia gani. Kwa hiyo nje kabisa, ng'ambo ya miamba ambako mawimbi yanavunjika meupe, mwenyeji hupanda na kumshika mkono. Kwa sheria za bahari amri hubaki kwa nahodha hadi mwisho. Rubani huongoza, nahodha hukubali, na akiona hatari anaweza kukataa. Mwenyeji na mwenye chombo, kila mmoja anamhitaji mwenzake, na wana dakika chache tu za kujuana.

Vijana wetu ukiwatajia rubani wanatazama mawinguni, kwenye ndege zinazoshuka uwanja wa Moi kule Port Reitz. Neno halikuzaliwa huko. Tumelipokea kutoka Kiarabu cha mabaharia, na lilikuwa likielea kwenye majahazi kabla mtu hajawaza kwamba chuma kinaweza kuruka. Ndege zilipokuja zikaliazima. Hali ni hiyo hiyo juu zaidi: mtu anayekwenda angani tunamwita mwanaanga, kwa kufuata nyayo za mwanamaji, na anachopanda tunakiita chombo, neno ambalo mzee wa Mtongwe akilitamka ana maana ya mashua au jahazi. Kiswahili kilipotakiwa kuzungumzia anga kilichukua mizigo yake pwani.

Na rubani wa pwani hii ana historia ndefu isiyo na majina. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa. Alipojaribu kuingia bandarini meli yake ilikataa kugeuka, ikagongana na iliyokuwa nyuma yake, nanga zikatupwa kwa pupa, na marubani aliowachukua Msumbiji wakaitumia fursa hiyo kujitosa majini na kuogelea. Siku chache baadaye, Malindi, alipewa rubani mwingine, na huyo akamvusha bahari mpaka Calicut kwa muda usiofika mwezi mmoja. Jina la aliyevushwa limeandikwa kwenye vitabu vya shule vya nusu ya dunia. Kuhusu la aliyemvusha, wanahistoria bado wanabishana.

Leo angalau tunalo jina. Elizabeth Marami ndiye Mkenya wa kwanza wa kike kuwa rubani wa meli, na kazi hiyo aliifanya katika bandari hii yetu. Alikuwa ameelekea kusomea sheria. Akapata ufadhili, akaacha sheria, akaenda Alexandria, Misri, kusomea uongozaji wa meli katika chuo cha Waarabu cha sayansi, teknolojia na uchukuzi wa baharini. Magazeti na televisheni za humu nchini na za ng'ambo zimemwandika na kumhoji. Sijapata kukutana naye, na sina la kuongeza juu ya maisha yake ambayo ameyasimulia mwenyewe. Ninachotaka kukitazama ni kile ambacho makala hizo hukipita mbio. Karibu zote zinakaa muda mrefu kwenye maneno mawili, “wa kwanza”, zikafika kwenye kazi yenyewe zimeishiwa na nafasi.

Hata hivyo siwezi kulipuuza hilo la kwanza, maana nimekulia hapa. Utotoni niliwaona akina mama wakitanda uduvi maji yakipwa, wawili wawili wameshika kitambaa pembe nne, kanga zimeloa, wanakwenda hatua kwa hatua maji yakiwa kiunoni. Wengine walichokoa pweza kwenye miamba kwa vijiti vya chuma. Waliijua bahari hiyo kwa nyayo zao: mahali pa mchanga, mahali pa matope, mahali mkondo unapovuta. Lakini bahari ya wanawake iliishia kiunoni. Kuanzia kiunoni kwenda kilindini ilikuwa ya wanaume, na hakuna aliyesema hivyo kwa sababu hakuna aliyehitaji kusema.

Na si kwetu tu. Hesabu ya mabaharia wa dunia iliyotolewa mwaka 2021 na vyama vya wenye meli iliwapata wanawake 24,059, yaani asilimia 1.28 ya mabaharia wote. Sasa linganisha na anga. Kati ya watu waliowahi kufika angani, mwanamke ni kiasi cha mmoja katika kila kumi. Kwa maneno mengine, chukua mtu yeyote aliyevaa suti ya mwanaanga na mtu yeyote aliyesimama kwenye usukani wa meli ya mizigo: uwezekano wa kumkuta mwanamke ni mkubwa zaidi ndani ya suti. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilirudia hesabu.

Mwanamke wa kwanza kwenda angani, Valentina Tereshkova, alirushwa tarehe 16 Juni 1963, wiki mbili tu baada ya Kenya kupata Madaraka. Alikuwa na miaka 26, amefanya kazi kiwanda cha nguo, na mchezo wake ulikuwa kuruka kwa parachuti. Jina lake kwenye redio lilikuwa Chaika, ndege yule tunayemwita shakwe. Aliizunguka dunia mara 48. Dunia ilishangilia mwanamke kufika huko, na kwa miaka mingi haikujua jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya safari hiyo: akiwa juu aligundua kwamba maelekezo ya kukiongoza chombo yalikuwa na kosa. Wakati wa kurudi kingepanda badala ya kushuka. Aliwaambia wa chini, wakamtumia hesabu mpya, akaingiza, akarudi. Alitakiwa anyamaze, akanyamaza. Huo ndio urubani. Mtambo unasema kitu, karatasi inasema kitu, na kuna mtu mmoja anayetazama nje na kusema: hapana, hii haiendi nyumbani.

(Mae Jemison, Mmarekani Mweusi wa kwanza wa kike kwenda angani, aliyekaa huko karibu siku nane mnamo Septemba 1992, anajua Kiswahili, wasifu wake unakitaja pamoja na Kirusi na Kijapani. Mara nyingine nikiwa kwenye feri hujiuliza kama alipopita juu ya bahari hii alilikumbuka neno chombo.)

Turudi majini. Ngazi.

Watu wamepelekwa mwezini na kurudishwa, lakini rubani wa meli bado anapanda kazini kwa ngazi ya kamba na mbao. Vidato vyake vimeachana kati ya sentimita 31 na 35. Vinne vya chini huwa vya mpira kwenye ngazi nyingi, kwa kuwa ndivyo vinavyopigana na boti. Kanuni za kimataifa zinasema kupanda kukizidi mita 9, ngazi ya kamba isitumike peke yake, iunganishwe na ile ya chuma inayoteremshwa ubavuni. Mita 9 ni ghorofa tatu, na ghorofa hizo zinayumba.

Boti ya marubani inatoka, inaifuata meli nje ya miamba. Meli haisimami. Inapunguza mwendo na kujigeuza kidogo, ubavu mmoja ukinge upepo na mawimbi ili maji ya upande wa pili yatulie. Hiyo ndiyo karibu ya kwanza ambayo nahodha humpa mwenyeji wake. Wakati wa kaskazi mara nyingi inatosha. Kusi ikishika, Juni na Julai, haitoshi. Boti inainuliwa na kuangushwa, ubavu wa meli umesimama mbele yake kama ukuta wa Fort Jesus, umelowa na una kutu, na ngazi inaning'inia hapo ikigonga chuma.

Rubani anasimama juu ya boti, mkono mmoja kwenye reli, jaketi la kuokolea limefungwa, na anafanya jambo ambalo kwa mtazamaji linaonekana kama kutofanya lolote. Anatazama mawimbi. Haparamii wimbi linapoinuka wala linaposhuka. Anangoja nukta ile boti imefika kileleni na haijaanza kuanguka, muda wa kupepesa jicho, na hapo anashika. Anashika kamba za pembeni, si vidato, maana kidato huweza kupinduka. Anakwenda juu vitatu, vinne, bila kupumua, kwa sababu boti itashuka kisha itapanda tena, na ikipanda itaitafuta miguu ya aliyechelewa. Vikishapita hivyo vinne haraka inakwisha. Kifua karibu na kamba, macho kwenye ubao ulio mbele, polepole. Kamba ikiwa imeoza hatajua mpaka aikanyage, ndiyo maana kabla ya kushika ameshaikagua kwa macho tangu juu hadi chini. Na ngazi ikiwa imefungwa vibaya ana haki ya kukataa kupanda, nahodha akasirike akitaka. Marubani bado hufa kwenye ngazi hizi, katika bandari za mataifa tajiri na maskini.

Hakuna chochote katika vidato hivyo kinachouliza anayepanda ni nani. Kinachouliza ni ngazi iliyotangulia, ile isiyoonekana. Ili upate cheti cha ofisa wa meli, kanuni za kimataifa zinataka uwe umekaa baharini mwaka mzima ukifundishwa ndani ya meli ya kweli. Darasa unaweza kulipata, mtihani unaweza kuupita, lakini mwaka huo wa bahari hutolewa na wenye meli, na kwa miaka mingi wasichana wengi wenye vyeti vizuri walijibiwa kwamba meli haina chumba cha mwanamke, au hawakujibiwa barua kabisa. Ukimwona mwanamke kwenye ngazi ya kamba, basi ujue ile nyingine ameshaimaliza.

Juu anapokewa na baharia, anapandishwa ngazi nyingine za ndani mpaka chumba cha usukani. Watu hudhani humo mna kelele na amri za kupaza sauti. Mna ukimya wa chumba cha mtihani. Nahodha Mhindi labda, usukani umeshikwa na Mfilipino, ofisa aliye kwenye rada ametoka Ukraine, na rubani ni wa Mombasa. Wanapeana mikono. Kwanza karatasi: urefu, upana, kina meli ilichozama mbele na nyuma, injini inachukua muda gani kubadili kwenda kinyume, kuna kitu kinachougua? Na rafadha inayoisukuma meli inazunguka upande gani? Hilo la mwisho linaonekana dogo. Meli nyingi za mizigo zina rafadha moja inayozunguka kulia, na ukiirudisha nyuma ili kupunguza mwendo, inavuta tezi kwenda kushoto. Mwenye kulijua hilo hulitumia kama mkono wa tatu. Asiyelijua atashangaa omo likimtoroka kwenda kulia wakati hakuna aliyeugusa usukani.

Halafu maelekezo yanaanza. Rubani anataja nyuzi. Mshika usukani anarudia neno kwa neno, anageuza, na usukani ukishafika anataja tena. Ni kama chuoni, mwalimu akitamka na watoto wakipokea, isipokuwa hapa herufi iliyorukwa ni mwamba. Kwa hiyo rubani hasikilizi maneno tu. Anasikiliza kuchelewa. Jibu likija nusu sekunde baada ya kawaida yake anageuza shingo kutazama mkono wa yule kijana, kwa kuwa lafudhi ya Pwani na ya Manila zimekutana leo asubuhi kwa mara ya kwanza.

Sasa maji. Mlango huu ulichimbwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 hadi kina cha mita 15, ili meli kubwa zaidi ziingie, lakini mita hizo si zote za kuelea. Meli ikienda mbio mahali penye maji haba huzama zaidi ya ilivyozama ikiwa imesimama: maji yanabanwa chini ya tumbo, yanakimbia, na meli inajikunja kwenda chini kama mtu anayechuchumaa. Jambo la ajabu ni hesabu yake. Ukipunguza mwendo kwa nusu, kule kuchuchumaa hakupungui kwa nusu, kunabaki robo. Kwa hiyo mwenye wasiwasi wa kugusa chini hana haja ya kuomba bahari iongezeke, apunguze mwendo tu. Lakini akipunguza mno, usukani unakosa maji ya kushika na meli inaacha kusikia. Rubani anaishi kati ya hayo mawili, na nafasi hiyo hubadilika kila siku kwa sababu ya mwezi.

Mwezi ndio bosi wa Kilindini. Ukiandama na ukikamilika, bamvua: maji yanajaa mpaka yanalamba ngazi, yanapwa mpaka miamba inaanikwa, tofauti ya karibu mita 4, na mkondo unapita mlangoni kama mto. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kurudi mbali. Wavuvi wa Timbwani wanahesabu kwa vidole, leo mwezi ngapi, basi maji yatajaa saa ngapi. Rubani ana majedwali yaliyochapishwa na simu yenye programu. Mwezi wanaoutegemea ni ule ule, na wote wawili ukiwauliza watakujibu kwanza kwa kutazama dirishani.

Kuna kona. Anayetazama kutoka kwenye feri huona meli ikipinda kwa upole, kama vile njia imeipinda yenyewe, na huo ndio ufundi wa kuvutia zaidi kwa kuwa hauonekani. Gari hufuata pua yake. Meli haifuati. Ikiwa inakwenda mbele huzunguka kwenye nukta iliyo kiasi cha theluthi ya urefu wake kutoka omoni, kwa hiyo ukiipeleka kushoto kinachotupwa ni tezi, kulia, kama mkia. Kwenye meli ya mita 250 mkia huo ni zaidi ya mita 160 za chuma zinazofagia upande ambao hukuwa ukiutazama. Rubani anaagiza usukani kabla ya wewe kuona sababu ya kugeuza. Na wakati wewe ndiyo kwanza unaona meli imeanza kugeuka, yeye ameshaagiza usukani wa kinyume ili kuuzima mgeuko, maana tani elfu themanini zikishaanza kuzunguka hazina sababu ya kuacha. Anaendesha meli itakayokuwepo dakika mbili zijazo. Methali ya mwenda tezi na omo tunaitaja harusini na matangani, na wengi wetu hatujui tena tezi ni ipi na omo ni ipi. Mwenye kazi hii hana ruhusa ya kusahau.

Nani anamfundisha hayo? Vitabu vina hesabu zote. Mlango wenyewe hufundishwa na rubani mkubwa: mwanafunzi anasimama nyuma yake safari baada ya safari, mchana na usiku, kaskazi na kusi, halafu anapewa vyombo vidogo, halafu vikubwa, kadiri anavyoaminiwa. Hakuna njia ya mkato. Ni uanagenzi ule ule wa mafundi wa majahazi, ambapo kijana anashika keekee miaka kabla hajaachiwa ubao wa mkuku.

Kutoka Changamwe, ukisimama kwenye mwinuko unaotazama Kipevu, unaona kipande cha mwisho, na ningeshauri mtu yeyote mwenye saa moja ya kupoteza akaione. Meli imeshapita Likoni. Tagi mbili zimeikamata, moja mbele moja nyuma, fupi na nene kama ng'ombe wa kulima. Kituo cha pili cha makasha, kilichofunguliwa mwaka 2016, kiko chini yako, winchi zake zimeinua shingo. Rubani sasa ametoka nje, amesimama kwenye ubawa wa chumba cha usukani, redio mdomoni, anachungulia chini kwenye ukanda wa maji kati ya meli na gati. Ukanda unapungua. Mita ishirini. Kumi. Tagi ya mbele inasukuma, inaacha. Ya nyuma inasukuma, inaacha. Wale wa kamba gatini wanangoja.

Na kisha, kwa muda mrefu, hakuna kinachotokea. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani meli imesimama. Haikuwa imesimama. Ilikuwa inakuja ubavu, sentimita chache kwa kila sekunde, polepole kuliko mtoto anayetambaa, maana uzito ule ukija kwa mwendo wa mtu anayetembea utavunja gati na wenyewe. Ule ukanda wa maji ukawa kama mstari wa kalamu. Mipira ya gati ikaminyika kidogo, kama mto unapolaliwa. Hakuna kishindo. Mlinzi niliyekuwa nimesimama naye akaniuliza ninangoja nini, nikamwambia nangoja ifike, akasema, “Mbona imefika kitambo, kaka.”

Kazi nzuri za namna hii zina bahati mbaya hiyo. Fundi wa nakshi anaacha mlango, mshonaji anaacha kanzu yenye darizi unayoweza kuigusa na kuisifu. Rubani akifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachobaki isipokuwa meli iliyo mahali pake na feri iliyochelewa dakika kumi na tano. Tunamjua pale tu anapokosea, au anapokuwa mwanamke wa kwanza. Na si kwa marubani tu: kilomita mia na kitu kaskazini ya hapa, baharini nje ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Aliyeisimamia kwa upande wa Wamarekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na chombo hicho kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale ya eksirei angani, kazi ambayo ilikuwa haijawahi kufanywa kabla. Shuleni tulifundishwa kwamba roketi zilirushwa Malindi. Jina la Townsend tulikuja kulisikia ukubwani.

Meli zinazotoka huondoka kwa utaratibu huo huo uliogeuzwa, na mimi huzipenda zaidi, hasa jioni. Rubani anaiachisha gati, anaizungusha, anaipitisha Likoni ambako feri inasubiri tena na watu wanasonya tena, sasa wakiwa na njaa ya futari au ya chakula cha usiku. Nje ya miamba anampa nahodha mkono, anamwonyesha uelekeo, anashuka. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mguu unakitafuta kidato usichokiona, na wa botini ndiye anayemwambia sasa, maana yeye mgongo wake uko baharini. Anaachia kamba. Boti inajitenga.

Ukikaa ufukweni Shelly wakati huo, kabla giza halijafunga, unaweza kuziona taa zake mbili zikirudi, moja juu ya nyingine: nyeupe juu, nyekundu chini. Ndiyo alama ya boti ya marubani bandari zote za dunia. Nyuma yake meli inaongeza mwendo kuelekea kusini, taa zake nyingi kama mtaa mzima, na haipigi hata honi. Boti inazunguka boya, inapotea kidogo nyuma ya wimbi, inatokea tena. Nje kule, upande wa mashariki, kuna taa za meli nyingine iliyopunguza mwendo. Boti inageuka.